Kabla hujaniuliza chuma kigumu zaidi

Mabwawa ya Mto Tana yakishuka, simu yangu haitulii. Umeme wa maji ukipungua, injini za mafuta mazito hukesha zikinguruma, na viwanda vyenye jenereta zao huzitumikisha saa nyingi kuliko kawaida. Haupiti muda vali za ekzosti, vile vifuniko vya kutolea moshi wa silinda, zinaanza kuletwa karakanani, zimefungwa kwenye magunia, na aliyezileta huniuliza swali lile lile: "Chifu, hakuna chuma kigumu kuliko hiki?"

Uchifu niliutoa baharini. Nilimaliza kazi nikiwa injinia mkuu kwenye meli za mizigo, nikarudi Mombasa, na sasa nina karakana ndogo Shimanzi ambako tunasaga vali na siti zake, yaani vikalio vinavyozipokea zikifunga, tunajaza palipolika, na tunabishana. Swali la chuma kigumu nimelijibu kwa mdomo mpaka nimechoka, kwa hiyo leo naliandika. Atakayeniuliza tena nitamtumia ukurasa huu, kisha niendelee na chai yangu.

Jibu fupi: vyuma vigumu zaidi vipo, na havitakusaidia. Ugumu ni dawa ya kugongwa na kusuguliwa. Vali yako imeliwa na majivu ya mafuta yako mwenyewe, yaliyoyeyuka juu yake.

Jibu refu linaanza na kutu. Chuma kikipata joto kali hushika kutu bila hata tone la maji, maana oksijeni ya hewani inatosha. Kile kigamba cheusi kinachopukutika mhunzi akigonga nyundo ni kutu ya motoni. Chuma cha kawaida kikivuka nyuzi 570 hivi za Selsiasi hutengeneza aina ya oksidi iliyojaa nafasi tupu ndani yake. Atomu hupita humo kwa urahisi, na kigamba kinanenepa upesi. Ndiyo maana hutaona mtu anatengeneza vali ya ekzosti kwa chuma cha nondo.

Ukitia kromiamu ya kutosha, tuseme asilimia 20, mambo yanabadilika. Kromiamu huiwahi oksijeni kabla ya wenzake, na utando unaopatikana ni mwembamba, umeshikana, umeng'ang'ania metali iliyo chini yake. Kuanzia hapo, oksijeni inayotaka kuingia na atomu za metali zinazotaka kutoka lazima zipenye utando huo, na kadiri unavyonenepa ndivyo njia inavyorefuka. Mjerumani Gustav Tammann aliipata kanuni hiyo 1920, na mwenzake Carl Wagner akaifafanua kwa hesabu mwaka 1933. Utando uliochukua saa 100 kufikia unene fulani utahitaji saa 400 kufikia mara mbili ya hapo. Kwa hiyo metali nzuri ya motoni huota kutu yake mapema, halafu huishi miaka nyuma ya kutu hiyo.

Vali nyingi za ekzosti kwenye injini kubwa za mafuta mazito ni za Nimonic 80A, mchanganyiko wa nikeli na kromiamu wenye titani na alumini kidogo. Ukoo wa Nimonic ulizaliwa Uingereza miaka ya 1940 kwa ajili ya injini za jeti, ambazo huchoma kitu cha jamii ya mafuta ya taa, safi kabisa. Sisi tukaichukua metali hiyo ya watu wa ndege tukaiingiza kwenye yale masazo mazito yanayobaki kiwanda cha kusafishia mafuta kikishatoa kila kizuri. Na masazo hayo yamebeba vitu vitatu ambavyo fundi anapaswa kuvijua kama anavyojua majina ya watoto wake: vanadiamu, sodiamu na salfa.

Hapa nachepuka kidogo, maana habari ya vanadiamu hunifurahisha kila ninapoisimulia. Miaka ya 1930 mkemia Mjerumani, Alfred Treibs, alikuta ndani ya mafuta ghafi molekuli za ukoo mmoja na klorofili, ile ya kijani iliyo kwenye majani. Katikati ya klorofili iliyo hai hukaa magnesiamu. Katika molekuli alizozikuta Treibs magnesiamu ilikuwa imeondoka, na mahali pake pamekaliwa na vanadiamu. Ulikuwa ushahidi mzito kwamba mafuta ya ardhini yalitokana na viumbe vilivyowahi kuishi juani. Kwangu mimi una maana ya pili, ya karakanani: vanadiamu imefungwa ndani ya mafuta yenyewe. Pyurifaya yako, ile mashine ya kusafishia mafuta, ikiyazungusha mafuta kwenye nyuzi 98 itatoa maji, mchanga na tope. Vanadiamu haitatoka. Uliyonunua ndiyo utakayoichoma.

Mafuta ghafi ya Venezuela yana sifa mbaya zaidi kwa jambo hili. Kanuni ya kimataifa ya mafuta ya meli, ISO 8217, inaruhusu hadi miligramu 350 za vanadiamu kwa kila kilo kwenye gredi ya RMG 380, ambayo wengi wetu tumeichoma maisha yetu yote. Inasikika ndogo, lakini piga hesabu. Injini inayokula tani 20 kwa siku, ikipewa mafuta yaliyofika kikomo hicho, inapitisha kilo 7 za vanadiamu kwenye vali na turbo yake, ile inayoisukumia hewa, kila siku ya Mungu.

Sodiamu ni kesi nyingine. Mara nyingi ni maji ya bahari tu: tishari la kuletea mafuta lenye tangi linalovuja, bomba la kupashia joto lililotoboka, au chumvi inayoingia na hewa. Wakati wa kusi, bahari ikichafuka, hewa inayovutwa na turbo ina ukungu wa chumvi unaoweza kuuonja kwenye midomo ukisimama sitahani. Uzuri wa sodiamu ni kwamba ile iliyo kwenye mafuta imo ndani ya maji, na maji hutoka. Ndiyo maana nilipokuwa chifu sikukubali zamu ipite bila mtu kufungua koki ya chini ya tangi la kutulizia mafuta na kutoa maji. Vijana walidhani ni ukali wa mzee.

Sasa zikutanishe. Oksidi ya vanadiamu peke yake huyeyuka karibu na nyuzi 680. Ikichanganyika na sodiamu kiwango hicho huporomoka, na kwa baadhi ya michanganyiko hufika karibu nyuzi 530. Mabaya zaidi tumezoea kuyaona pale sodiamu ikiwa kama theluthi ya vanadiamu. Chini ya joto hilo la kuyeyuka majivu ni unga au ganda kavu, yanachukiza lakini hayaumi sana. Juu yake ni kimiminika. Fundi anayelehemu kwa brasi hunyunyiza boraksi, ikayeyuka, ikala utando wa oksidi, na brasi ikapata chuma kitupu cha kushika. Majivu ya vanadiamu yakiyeyuka hufanya kazi hiyo hiyo juu ya vali yako, usiku na mchana, na hakuna brasi inayokuja kuziba. Ule utando wa kromiamu niliousifu unayeyushwa, metali inaota mwingine, nao unayeyushwa. Kanuni ya Wagner ilitegemea utando unenepe, na hapa haupewi nafasi.

Wala hayaishii hapo. Vanadiamu ndiyo kichocheo wanachotumia viwanda vya asidi ya salfuriki kugeuza dioksidi ya salfa kuwa trioksidi, na majivu yako hayajali kama yamo kiwandani au kwenye bomba la moshi. Kwa hiyo ganda linalokula vali kule motoni linachangia pia asidi inayotoboa ekonomaiza, kifaa cha kuvuna joto la moshi, kule mwisho, ambako moshi umepoa. Na anayedhani nikeli nyingi zaidi ndiyo wokovu ajue kwamba salfa ikipenya hadi kwenye nikeli, vikikutana, mchanganyiko wao huyeyuka karibu na nyuzi 640. Nikeli tupu yenyewe haiyeyuki mpaka ikaribie 1,455. Nimewahi kushika kipande cha metali ya bei ya kutisha kilicholiwa na salfa kutoka ndani, juu kikionekana kizima.

Juzi alikuja kijana mmoja, injinia wa kiwanda ambacho sitakitaja. Vali zake zilikuwa zimetoka kwenye silinda mbili za jenereta moja, nyingine zote nzima.

"Umezisugua?" nikamwuliza.

"Nimezisafisha kwa brashi ya waya, Mzee. Sikutaka zikuchafue."

Adabu nzuri, baba, na ushahidi wote umebaki kwenye brashi. Kwa bahati shingo ya vali moja ilikuwa bado na ganda, kijivu kwa juu na kahawia kwa chini, gumu kama lililopikwa.

Lakini hata bila ganda, sura ya ulaji inazungumza. Kwenye uso wa kukalia, pale vali inapogusana na siti, kulikuwa na mfereji uliokatwa kutoka ndani kwenda nje, kingo zake zimelainika. Mfereji wa namna hiyo huanza kwa jambo dogo sana. Majivu yanajijenga juu ya siti, vali inapiga, kipande cha ganda kinabanduka, na hapo panabaki upenyo. Kila mlipuko unapuliza gesi ya moto mkali kwenye upenyo huo. Metali ya mahali hapo inapanda joto kuliko majirani zake, majivu yaliyokuwa makavu yanayeyuka, na upenyo unajichimba wenyewe. Kosa lingekuwa la metali, vali ingelika mzunguko mzima. Hii ilikuwa imeliwa sehemu moja, upana wa kidole, na kwingine alama za kiwanda cha kuitengeneza bado zinasomeka.

Ipo sura nyingine, ya ulaji wa taratibu kwenye uso wa chini unaotazama moto. Kwenye injini kubwa za mipigo miwili tulikuwa tunaweka kibao cha kupimia juu ya kichwa cha pistoni na chini ya vali, tunapima mwanya, tunaandika kwenye daftari. Huo ni uzee, una ratiba, unaweza kuupangia bajeti. Mfereji hauna ratiba.

Kijana alinisikiliza, kisha akatoa simu. Alikuwa amesoma kuhusu vali zinazopakwa kauri. "Kauri ni oksidi tayari, Mzee. Sasa itashika kutu gani tena?"

Hilo ni swali zuri kuliko la chuma kigumu, na nilimwambia hivyo. Ni kweli kauri ya oksidi haina cha kuungua. Lakini inaweza kuyeyushwa, na majivu haya ni hodari wa kuyeyusha oksidi. Kauri maarufu ya kupaka ni zirkonia, na zirkonia tupu ina tabia mbaya: ikipoa kutoka kwenye joto kali hubadili umbo la fuwele zake, inavimba, inapasuka. Ili itulie, wanaichanganya na oksidi nyingine iitwayo itria, asilimia 7 au 8 kwa uzito. Vanadiamu iliyoyeyuka huipenda itria. Inaichomoa kutoka kwenye zirkonia, inaungana nayo, na zirkonia inabaki bila mlinzi wake. Injini ikizimwa na kuwashwa mara kadhaa, koti linabanduka vipande vipande.

Hata matofali ya tanuri ya boila hayasalimiki. Nimeingia kwenye boila za meli zilizochoma mafuta mazito nikakuta matofali yaliyopangwa makavu yamegeuka kama yamepakwa gilasi, na matone yameganda yakielekea chini. Sodiamu imeungana na silika ya tofali, ikatengeneza kioo. Wafinyanzi wa Ujerumani wamefanya hivyo kwa makusudi tangu karne nyingi: wanarusha chumvi tanurini ili vyombo vyao ving'ae. Boila haitaki kung'aa.

Mpwa wangu yuko Ghuba, kwenye karakana ya injini za ndege, na yeye ana toleo lake la balaa hili. Mafuta yao hayana vanadiamu ya kutajwa, lakini hewa ya kule ina vumbi la jangwani lenye kalisi, magnesiamu, alumini na silika, na ndani ya injini za siku hizi, joto likizidi nyuzi 1,200 hivi, vumbi hilo huyeyuka na kunyonywa na zirkonia ile ile. Tukipigiana simu siku ya Idi huwa tunalalamikiana mpaka mke wangu anainuka na kutuachia sebule.

Turudi kwa kijana. Dawa ya vanadiamu ipo, na wanaoitumia sana ni watu wa mitambo ya gesi, yaani turbaini, pale wanapolazimika kuchoma mafuta mazito. Wanachanganya magnesiamu kwenye mafuta. Magnesiamu inaikamata vanadiamu na kutengeneza kitu kisichoyeyuka mpaka nyuzi 1,000 zipite, kwa hiyo majivu yanabaki unga. Mtaona kichekesho chake: ni magnesiamu ile ile iliyofukuzwa kwenye molekuli ya jani mamilioni ya miaka iliyopita, sasa tunainunua kwa madumu tuirudishe karibu na aliyechukua nafasi yake. Gharama yake ni majivu mengi zaidi. Turbaini inabidi izimwe na kuoshwa kwa maji, na kabla ya hapo sodiamu lazima iwe imeoshwa kwenye mafuta, la sivyo magnesiamu inafanya kazi bure. Kwa dizeli za ukubwa wake sikumshauri.

Nilichomshauri ni nyuzi chache za joto. Hapa ndipo watu wanaponiona nazungumza mambo madogo. Mtengenezaji wa injini alijua kuhusu vanadiamu kabla yako. Akatoboa njia za maji kwenye siti ili ipoe, akaweka kizungushio kinachogeuza vali kidogo kila inapofunguka, ili isikae upande mmoja kwenye moto na ili ijifute majivu yenyewe. Vali ikiwa na afya, uso wake wa kukalia unakaa chini ya ule mstari wa kuyeyuka. Tofauti si kubwa. Turbo ikichafuka hewa inapungua, moshi unapanda joto, na tofauti inaliwa. Kipoza hewa kikiziba mapezi, inaliwa. Nozeli ya kuingizia mafuta kwenye silinda ikidondosha badala ya kupuliza, mafuta yanachelewa kuungua na vali inafunguka moto ungali unawaka. Kizungushio kikikwama, upande mmoja wa vali unapokea adhabu yote.

Hicho cha mwisho ukipime ukiwa umesimama tu. Chora mstari wa rangi juu ya kizungushio, washa injini, tazama kama mstari unahama. Nimekutana na injini zenye vizungushio vilivyokufa muda mrefu na kila mtu akilaumu muuza mafuta.

Na muuza mafuta naye asiponyoke. Chukua sampuli wakati mafuta yanaingia, matone yakidondoka taratibu muda wote wa kupokea, usingoje kuchota kwenye tangi baadaye. Peleka maabara, omba vanadiamu, sodiamu, maji, na ile jumla ya alumini na silikoni, inayoonyesha chembe ngumu za kusaga injini. Tangu 2020, meli zilipobanwa kwenye salfa ya asilimia 0.50, mafuta mengi ya meli yamekuwa na vanadiamu kidogo kuliko zamani, na chifu wa leo ana vita vingine vya kupigana. Lakini meli zenye mtambo wa kuosha moshi bado zinachoma ya zamani, na huku nchi kavu mafuta mazito yenye salfa bado yana soko lake. Kiwanda cha Changamwe, hapa Mombasa, kiliacha kusafisha mafuta ghafi 2013, kwa hiyo mafuta mazito tunayochoma yanatoka ng'ambo, na sura yake hubadilika kutoka meli moja hadi nyingine.

Kijana alirudi siku chache baadaye na daftari la injini kama nilivyomwagiza. Lilikuwa limejazwa kwa mwandiko mzuri. Joto la moshi wa silinda zile mbili lilikuwa nyuzi 385, saa baada ya saa, mchana na usiku, mzigo ukipanda au ukishuka. Hakuna silinda duniani inayofanya hivyo. Nilimwonyesha kwa kidole bila kusema kitu, naye akainama akacheka kwa aibu, ingawa si yeye aliyekuwa akiandika.

Vipima joto viwili vilikuwa vimekufa, na wa zamu alikuwa akinakili namba ya jana. Tulipofungua, nozeli za silinda hizo zilikuwa zinadondosha. Nilimwuzia vali za kawaida, za metali ile ile aliyokuja kuilalamikia, na siti tukazisaga upya. Pesa alizokuwa amepewa za kununulia zile za kauri zikatosha nozeli mpya kwa silinda zote na vipima joto vya kuaminika, na bado akarudi ofisini na chenji na risiti.